Bomba Imara Lililopasuka

Somo la wiki: 1 Wafalme 19:1–8

Jumanne jioni, baada ya kipindi cha Biblia, mzee mmoja wa usharika wetu alibaki nyuma. Alingoja hadi kijana wa mwisho alipomaliza kupanga viti, kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye leso na kukiweka mezani kwangu. Kilikuwa kipande cha bomba la chuma, urefu wa kiganja, kimepakwa rangi nyeupe. Mwisho wake mmoja ulikuwa umechomelewa kwenye bamba dogo lenye tundu la bolti.

"Mchungaji, tafuta ufa," akaniambia.

Nikakigeuza, nikakisogeza kwenye taa. Nilikagua mshono wa kuchomelea, maana nilidhani kitu kilichoungwa hupasuka pale kilipoungwa. Mshono ulikuwa mzima, umejipanga kama magamba ya samaki. Nikavaa miwani. Bado. "Mzee, sioni." Akachukua kalamu yangu na kunionyesha kwa ncha, bila kugusa. Milimita chache kando ya mshono, upande wa bomba, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, na ile rangi nyeupe ilikuwa imeingiwa na wekundu wa kutu kuufuata.

Mzee huyu alikuwa fundi wa ndege kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kipande kile alikitoa kwenye ndege ndogo zamani, akakihifadhi kama wengine wanavyohifadhi picha za harusi. Safari hii alikitoa kabatini kwa sababu ya mpwa wake aliyeko Marekani, ambaye anajenga ndege kwenye gereji ya nyumba yake. Sitanii. Sheria ya huko inamruhusu mtu kujenga ndege, ikakaguliwa, akairusha, ilimradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kwa kupenda tu. Wana chama chao, EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953, na kila mwaka wanakutana kwa maelfu katika mji wa Oshkosh, Wisconsin. Mpwa alikuwa amemwuliza mjomba wake jambo moja: vipande vya kushikilia injini avitengeneze kwa chuma gani, na cha unene gani?

"Anataka kuweka kinene," mzee akasema. "Anaogopa. Mtu akiogopa huongeza unene."

Neno hilo nimelala nalo wiki nzima.

Vipande hivyo vya kushikilia injini mafundi wa gereji zetu wanaviita mauntingi. Kwenye gari injini imekalia mauntingi zake. Kwenye ndege ndogo yenye injini puani, injini imening'inia mbele, na kinachoishikilia ni kiunzi cha mabomba kilichofungwa kwenye bamba la kuzuia moto, lile linalomtenga rubani na injini. Injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 150 ina uzito wa zaidi ya kilo mia. Mabomba yanayoibeba ni ya chuma ambacho wajenzi wanakiita kromoli, au kwa namba yake, 4130: kina kromi asilimia moja hivi, molibdeni kidogo, na kaboni kama asilimia 0.3. Wanaojenga nyumbani wanakipenda kwa sababu kinachomelewa kwa gesi kisha kikaachwa kipoe chenyewe polepole. Na ukuta wa bomba hilo? Mara nyingi ni milimita 0.9, au 1.2. Toa kadi yako ya benki uibane kwa vidole. Hiyo ina milimita 0.76.

Sikuamini. Nilimwuliza kwa nini wasiweke bomba nene, mtu akalala usingizi.

Alinijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa kipaimara. Kwanza, bomba linapata ugumu wake kwenye upana kuliko kwenye unene wa ukuta. Ukiongeza kipenyo mara mbili na kuacha ukuta uleule mwembamba, bomba linakuwa gumu kupinda mara nane hivi. Pili, kila gramu unayoiongeza puani mwa ndege utaidai mahali pengine. Lakini la tatu ndilo lililonifanya nisogeze kiti. Akageuza kile kipande, akagonga lile bamba la bolti kwa ukucha.

"Aliyetengeneza hiki alitaka kiwe imara. Akaweka bamba nene mara mbili ya lililotakiwa. Bamba bado zima, unaona? Halinepi. Sasa tazama lilichomfanyia jirani yake."

Kitu kigumu kikiungwa ghafla na kitu chepesi, mtikisiko wote unakwenda kukusanyika pale mpakani, na anayeumia ni yule mwepesi. Bamba lilikuwa limeshinda, na bomba ndilo lililolipa.

Nikauliza habari za alumini, kwa kuwa mpwa naye alikuwa ameitaja. Alumini ina kazi nyingi kwenye ndege, na ni nyepesi karibu mara tatu kuliko chuma. Ila ikichomelewa inapoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyotiwa kiwandani, na moto wa injini ukiwaka inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wanaliita uchovu. Chuma kina kiwango: ukikitikisa chini ya kiwango hicho, kitatikisika miaka na miaka bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikiso inauandika, hata mdogo, na siku moja hesabu inafika mwisho. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,700 kwa dakika inapiga mapigo 5,400 katika dakika hiyo, yaani 90 kwa sekunde. Kwa saa moja ni mapigo 324,000. (Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimekosea.)

Ndiyo maana wanaokokotoa mauntingi hawatumii nguvu ya wastani ya injini. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, kama zilivyosomeka kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, ziliagiza uchukue wastani wa nguvu ya msokoto wa injini kisha uuzidishe. Kama silinda ni tano au zaidi, zidisha kwa 1.33. Zikiwa nne, zidisha kwa mbili. Tatu, kwa tatu. Mbili, kwa nne. Silinda zikiwa nyingi zinapokezana, pigo la moja linafunikwa na la nyingine. Zikiwa chache, kila pigo linafika lilivyo. Naomba mwiweke kanuni hiyo akilini, tutairudia.

Usiku ule nilikaa kusoma habari za watoto wa askofu. Wilbur na Orville Wright walikuwa wana wa Milton Wright, askofu wa kanisa la United Brethren in Christ, na watu wengi wanaojua jina la Wright hawajui kwamba baba alikuwa mwenzetu wa kanzu. Vijana hao walitengeneza na kuuza baiskeli mjini Dayton, Ohio, na injini yao ya nguvu za farasi 12 ilitengenezwa na fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, kwa wiki sita. Ukitazama vizuri, ndege ya kwanza duniani ni ya hao wa gereji. Injini waliilaza kwenye bawa la chini, kuliani kwa rubani, na kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko rubani, bawa la kulia wakalifanya refu kwa sentimita 10 hivi. Ndege ya kwanza ilikuwa na bega moja refu.

Mwishoni mwa mwaka 1903 walikuwa kwenye michanga ya pwani karibu na Kitty Hawk, North Carolina, na baridi ilikuwa imeanza kuuma. Nguvu ya injini ilikwenda kwa minyororo hadi kwenye pangaboi mbili, na kila pangaboi lilikuwa na shafti yake ya bomba la chuma. Tarehe 5 Novemba waliwasha injini kwa majaribio. Ikawa inakosa-kosa, inashtuka, na shafti zikang'oka kwenye maungio. Zikarudishwa Dayton kwa Taylor, zikaimarishwa, zikafika tena tarehe 20. Wakawasha. Sasa nati za sproketi zikawa zinalegea kwa ule mshtuko, kila wakizikaza zinalegea. Wakaziponya kwa dawa ya dukani kwao: ile gundi ngumu ya kubandikia matairi ya baiskeli kwenye rimu. Waliyeyusha gundi ndani ya hesi, wakafunga, na nati hazikulegea tena.

Tarehe 28 Novemba wakawasha injini ndani ya banda. Wakaona kitu. Wakazima. Shafti moja ya bomba ilikuwa na ufa.

Hapo mtu aliyeogopa angeongeza unene. Baridi kali, mwaka unakwisha, fedha zao wenyewe, na bomba limepasuka mara baada ya kuimarishwa. Lakini Orville alieleza baadaye walichokitambua: mabomba yale yalikuwa na nguvu mara nyingi kupita iliyohitajika, kama mzigo ungekuwa unakuja sawasawa. Haukuwa unakuja sawasawa. Injini ilikuwa inakosa pigo, halafu inapiga, na bomba pana lenye uvungu halikuwa na mnepo wowote wa kupokea mshtuko huo. Basi wakaacha mabomba. Orville akapanda treni kurudi Dayton kutengeneza shafti za chuma kigumu cha vifaa, zisizo na uvungu, na nyembamba kuliko mabomba yaliyopasuka. Nyembamba, ili zipate kunepa.

Msomaji makini atanishika hapa: si umetuambia sasa hivi kwamba bomba pana ndilo bora? Ndiyo, kwa kubeba injini. Kwa shafti inayopigwa na kusokotwa jibu likawa kinyume. Na hata kiunzi cha mauntingi hakiachwi bila mnepo, kwa sababu kati ya injini na mabomba kuna bushi za mpira. Kila sehemu inachaguliwa kwa mshtuko wake. Mzee wetu ndivyo alivyomwandikia mpwa: fuata mchoro wa aliyeisanifu ndege, na usiongeze unene kwa kichwa chako.

Sasa kwa Eliya. Kabla tu ya somo letu kuanza alikuwa juu ya Karmeli, peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, na moto ukashuka. Jioni alikimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kama kuna mtu katika Biblia nzima ambaye ungemwita bomba nene, ni huyu. Kisha unakuja ujumbe mmoja kutoka kwa Yezebeli, mke wa Ahabu, na nabii huyo anakimbia nchi nzima mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Wahubiri wengi tumemlaumu hapo. Mimi mwenyewe nimehubiri mahubiri yenye kichwa cha habari kinachomlaumu. Someni tena kilichofuata. Alilala. Malaika akamgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Na malaika akamwacha alale! Akamgusa mara ya pili, akamlisha tena, ndipo safari ya Horebu ikaanza. Na mbele kidogo katika sura hiyohiyo anapewa Elisha, ili silinda zisiwe moja.

Sijaona popote katika sura hiyo malaika akimwambia, "Jikaze."

Sisi tunalipenda neno hilo. Ni neno la spana: nati hukazwa, na mtu akilegea tunamwambia ajikaze. Msibani tunaambiana, hospitalini tunaambiana, mwanamume akilia ndiyo kabisa. Lakini muulizeni fundi yeyote nini kinatokea kwa bolti inayokazwa kila siku na kila mpitanjia.

Ninayo sababu ya kulisema hili kwa sauti ya chini. Miaka michache iliyopita, katika usharika niliotumika kabla ya huu, tulikuwa na mwinjilisti kwenye mtaa wa mbali, mahali ambapo mvua ikinyesha pikipiki inasukumwa. Alikaa peke yake miaka saba. Hakuna tulichomwomba akakataa. Tulimpa shule ya Jumapili, akasema ndiyo, Mchungaji. Tukamwongezea kwaya, halafu usimamizi wa ujenzi, halafu kufuatilia ahadi za washarika nyumba kwa nyumba. Ndiyo, Mchungaji. Kwenye kikao cha wazee nilisema maneno ambayo hadi leo nayasikia: "Yule ni chuma." Nilikuwa nampima kwa siku zake za kawaida. Sikuhesabu kwamba mwaka ule alizika watu kumi na mmoja, wawili kati yao watoto, na kwamba kila pigo lilimfikia lilivyo, kwa kuwa hapakuwa na mwenzake wa kupokezana naye.

Jumapili moja nilikwenda kule kwa Chakula cha Bwana. Akapanda kusoma somo. Akafungua Kitabu, akatazama ukurasa, akanyamaza. Tulidhani anatafuta mstari. Ukapita muda ambao katika ibada ni mrefu sana. Kisha akafunga Kitabu polepole, akashuka, akaenda kuketi kwenye benchi la watoto, mikono magotini. Baada ya ibada nilimfuata kwenye chumba cha maandalizi. Mnajua nilimwambiaje? Nilimwambia ajikaze.

Mkewe ndiye aliyenisimamisha mlangoni. "Baba Mchungaji, mume wangu halali usingizi tangu Kwaresima." Hiyo ilikuwa Septemba.

Kosa langu hilo linanirudisha kwenye kitabu cha Yeremia, sura ya 52, ambapo Wakaldayo wanavunja zile nguzo mbili za shaba za hekalu la Sulemani na kubeba shaba yake kwenda Babeli. Pale ndipo mwandishi anapotupa vipimo: kimo dhiraa kumi na nane, mzingo dhiraa kumi na mbili, unene wa shaba vidole vinne, na ndani palikuwa na uvungu. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kama hesabu ya fundi tu. Siku hizi naona kwamba unene wa nguzo unatajwa siku inapovunjwa. Watu waliopita mbele yake kwenda kusali waliona kimo.

Mzee alinieleza pia kuhusu ile rangi nyeupe. Wajenzi wengi wanapaka mauntingi nyeupe au rangi nyingine ya mwanga, na rangi yenyewe nyembamba, ili ufa ukitokea kutu na mafuta vionekane mapema. Yako mapako mazito ya kiwandani, yanang'aa na hayachubuki, na wapo mafundi wasiotaka kuyaona hapo, kwa sababu chuma kinaweza kupasuka chini yake na juu pakabaki pazuri. Nikamfikiria mwinjilisti wangu na suti yake ya kahawia, na jinsi kila nilipomwuliza habari alivyojibu "Bwana ni mwema, Mchungaji." Ni jibu la kweli, na lilikuwa pako zito. Mimi nilifurahia kulisikia, kwa sababu lilinipunguzia kazi ya kutazama.

Hatukumfukuza, na hatukutafuta mtu "imara zaidi" wa kumpokea, ingawa pendekezo hilo lilitolewa na likaungwa mkono. Alipumzika miezi miwili nyumbani kwa wazazi wake. Wazee wawili wa mtaa, mmoja mwalimu mstaafu na mwingine muuza mbegu, walianza kupokezana naye mahubiri na mazishi, na ujenzi ukapewa kamati yake. Jumatatu akakatazwa simu za kanisa. Baadhi ya washarika walinung'unika kuhusu hiyo Jumatatu. Bado yuko kule.

Nirudi Kitty Hawk kidogo. Orville alifika na shafti mpya tarehe 11 Desemba. Njiani alikuwa amesoma gazetini kwamba mashine ya kuruka ya mshindani wao, Profesa Langley, iliyogharimiwa na serikali na yenye injini ya nguvu za farasi 52, ilikuwa imeanguka mtoni tarehe 8. Wengine walilaumu mtambo wa kuirushia, wengine udhaifu wa kiunzi. Jumamosi tarehe 12 ndege ya ndugu hao ilikuwa tayari, ila upepo haukutosha. Baridi ilikuwa inazidi, na mtu yeyote duniani angeweza kuwatangulia. Tarehe 13 ilikuwa Jumapili. Vijana wa askofu hawakurusha. Jumatatu walijaribu, ndege ikapanda kidogo na kuanguka mchangani. Alhamisi tarehe 17 iliruka mara nne, na safari ya mwisho ilidumu sekunde 59. Shafti hazikupasuka.

Sasa ombi langu. Kabla ya Jumapili hii, kila nyumba imchague mtu mmoja anayetubeba: mwinjilisti wa mtaa wenu, mwalimu wa kwaya, mama anayeuguza mkwewe, au yule kaka mkubwa anayelipia ada za wadogo zake wote. Mpigieni simu. Msimwombe kitu chochote, na msimwambie ajikaze. Mwulizeni jana alilala saa ngapi, kisha mngoje jibu la pili, kwa sababu la kwanza litakuwa "salama tu."